Simu ipi inamfaa mfanyabiashara wa mpakani? Yaangalie haya kabla hujalipa

KIBENGA, BUJUMBURA – Mtu anayekaa Kibenga, kusini mwa jiji la Bujumbura, yuko katikati ya biashara ya nchi tatu. Ziwa Tanganyika liko hapo chini, na ng'ambo yake ni Kongo. Barabara ya RN3 inafuata ziwa hadi Rumonge, kilomita zipatazo 70, kwenye mawese na samaki, kisha inaendelea Nyanza-Lac na Mugina na kuingia Tanzania upande wa Manyovu na Kigoma. Mwenye lori la Dar es Salaam yeye hupanda Bugarama, akapita Ngozi na Muyinga hadi Kobero, na safari yake yote inazidi kilomita 1,500.

Katika safari zote hizo simu ndiyo ofisi. Bei inaulizwa kwa simu, malipo yanapita kwenye simu, hati za mzigo zinatumwa kwa simu, na wakala wa forodha akimkosa mwenye mzigo hewani, lori linalala mpakani. Hata hivyo, wengi bado wanachagua simu kwa idadi ya kamera zilizopangwa mgongoni au kwa jina la kampuni, mambo ambayo hayana uhusiano mkubwa na kazi inayowasubiri barabarani.

Jambo la kwanza la kuangalia ni laini. Mfanyabiashara wa eneo hili kwa kawaida ana laini ya Burundi, Lumitel yenye Lumicash au Econet Leo yenye EcoCash, na ana laini ya Tanzania, iwe ya Vodacom, Airtel, Halotel au Yas, ambayo hadi mwaka 2024 ilikuwa ikiitwa Tigo. Mwenye shughuli na Uvira huongeza ya Kongo. Kwa hiyo simu ya laini moja haimfai, hata ikiwa nzuri kiasi gani. Lakini hata simu inayouzwa kwa jina la laini mbili inaweza kumdanganya. Simu nyingi zina nafasi mbili tu kwenye kile kitrei cha pembeni, na ile ya pili inapokea ama laini ama kadi ya kumbukumbu, si vyote viwili. Mtu anaweka laini zake mbili, halafu picha na hati zinapoijaza simu anagundua kwamba hana pa kuweka kadi. Dawa yake ni rahisi: muuzaji akitoe kitrei kabla ya malipo, na nafasi zihesabiwe. Zikiwa tatu, laini mbili na kadi zitakaa pamoja.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Katika simu nyingi za bei ya kawaida laini mbili zinasubiri pamoja lakini hazizungumzi pamoja. Mwenye simu akiwa anaongea kwenye laini ya Burundi, anayempigia kwenye laini ya Tanzania huambiwa haipatikani. Huko Kabanga wakala anaamini simu imezimwa, kumbe bosi anaongea na mteja wa Bujumbura. Anayetegemea laini zote mbili kwa wakati mmoja ni afadhali awe na simu mbili.

Na hapa ndipo kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, kinapostahili heshima yake. Madereva wengi hawajakiacha, na wana sababu. Chaji yake inakaa siku kadhaa, na huduma za pesa kwa namba za nyota, kama *150*00# ya M-Pesa nchini Tanzania, hazihitaji kifurushi cha intaneti wala simu janja. Zinahitaji mnara tu. Simu janja ya bei ya kati ikiongozana na kitochi chenye laini ya pesa humsaidia msafirishaji kuliko simu moja ya gharama kubwa. Ikiibiwa ile kubwa stendi, pesa inabaki mfukoni mwingine. Tena laini yenyewe iwekewe namba ya siri kwenye mipangilio ya simu, kwani mwizi anaweza kuichomoa na kuitia katika simu nyingine hata kama kioo kilikuwa kimefungwa. Namba hiyo ikikosewa mara tatu, laini hujifunga hadi iingizwe namba ya PUK.

Wapo wanaotumiwa iPhone na ndugu walio Marekani. Zawadi ni zawadi, lakini iulizwe ni toleo gani. Tangu iPhone 14 ya mwaka 2022, zile zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina kabisa mahali pa kuingiza laini. Zinatumia laini ya kielektroniki inayopakiwa ndani ya simu, yaani eSIM. Mtu aliyezoea kununua laini kwa wakala chini ya mwavuli na kuichomeka palepale atakwama nayo. Nyingine huwa zimefungwa zitumike na mtandao mmoja tu wa huko, na hadi zifunguliwe hazitaisoma laini ya hapa.

Saa inayoruka mpakani

Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Ikiwa saa mbili asubuhi Bujumbura, Kigoma ni saa tatu. Simu janja zimepangwa zijirekebishe zenyewe kwa kufuata mnara, na mnara haujui mpaka. Dereva aliyelala Kobero simu yake inaweza kushika mnara wa upande wa Kabanga usiku wa manane, saa ikaruka mbele, na kengele aliyoitegea saa kumi na moja ikamwamsha saa kumi. Hiyo si hasara kubwa. Hasara ni kwa aliyelala upande wa Tanzania, simu ikashika mnara wa Burundi, kengele ikalia saa nzima baadaye na foleni ya malori ikawa imekwisha kusogea bila yeye. Simu karibu zote zinaruhusu kuzima urekebishaji huo na kuchagua saa ya nchi moja kwa mkono, na nyingi zinaweza kuonyesha saa mbili kwa pamoja kwenye kioo. Muuzaji aonyeshe mahali hapo palipo, kwa sababu katika baadhi ya simu pamefichwa mbali.

Mnara wa jirani una gharama pia. Simu ikiunganishwa nao huku data ikiwa imeruhusiwa kwenye romingi, salio linaweza kuisha kabla mwenyewe hajajua. Kwa anayekaa karibu na mpaka, romingi ya data izimwe hadi itakapohitajika.

Kuhusu betri, namba ya kutafuta ni mAh 5,000 au zaidi, na siku hizi hata simu za bei ya chini zinaifikia. Lakini namba hiyo haisemi yote. Kinachokula chaji ni kioo kikiwa na mwanga mkali, na pia njia yenye minara michache: simu inapotafuta mnara ulio mbali huongeza nguvu ya kurusha mawimbi, na betri iliyotosha siku nzima mjini Bujumbura inaisha alasiri njiani. Penye mtandao hafifu kabisa, ni heri kuiweka katika hali ya ndege kuliko kuiacha ihangaike.

Madereva wana lao la nyongeza. Gari dogo lina umeme wa volti 12, lakini malori mengi yana volti 24. Chaja ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara ikiwa imetengenezwa kwa volti 12 pekee, ndani ya lori inaweza kuungua, na inaweza kuondoka na simu. Chaja inayofaa imeandikwa 12V-24V. Maandishi ni madogo, isomwe kabla ya kununuliwa. Na simu isichajiwe juu ya dashibodi penye jua, maana betri za aina hii haziivumilii joto. Simu ikipata moto sana inakataa chaji yenyewe, na hapo mtu anadhani chaja ni mbovu. Kwa wanaokaa Kibenga na mitaa mingine inayojua kukatika kwa umeme, uwezo wa kuchaji haraka una faida halisi. Betri ya mAh 5,000 kwa chaja ya wati 10 inachukua zaidi ya saa mbili kujaa. Kwa simu inayokubali wati 30 na kuendelea, umeme ukirudi kwa saa moja tu simu inapata sehemu kubwa ya chaji yake.

Kioo kijaribiwe nje, si ndani ya duka. Chini ya taa kila simu inapendeza. Mtu atoke nayo juani saa sita mchana, aongeze mwanga hadi mwisho, kisha asome ujumbe wenye tarakimu, kwa mfano namba ya kontena. Ikibidi kuikinga kwa kiganja ili kuisoma, haifai bandarini wala sokoni. Wauza samaki wao wana mtihani wao: kioo cha kugusa kinafanya kazi kwa umeme mdogo uliomo kwenye kidole, na maji yanauchanganya. Mwenye mikono iliyotoka kwenye ndagala na mukeke akibonyeza tarakimu 3 simu inaweza kuandika 6, na kosa hilo katika kutuma pesa si la kuchekea. Kabla ya kutuma, vidole na kioo vikaushwe, au malipo yafanywe kwenye kitochi, ambacho vitufe vyake havichagui kidole kikavu.

Hati za mzigo nazo zina hadithi. Kamera ya megapikseli 50 haihitajiki kupiga picha ankara. Kinachohitajika ni kamera inayoshika karatasi kwa karibu bila kutia ukungu. Mtihani ni kuipiga picha risiti yenye maandishi madogo kabisa, halafu kuikuza. Lakini picha nzuri huharibiwa njiani. WhatsApp inapotuma picha kwa njia ya kawaida huibana ili iwe nyepesi, na tarakimu za tamko la forodha zinaweza kufifia, wakala akaomba itumwe upya huku muda unakwenda. Hati itumwe kama faili, kwa kuchagua alama ya kibanio kisha "hati". Hapo inafika kama ilivyo.

WhatsApp yenyewe ndiyo inayoamua umri wa simu. Tangu 1 Januari 2025 iliacha kufanya kazi kwenye simu za Android toleo la 4.4 na yaliyotangulia, na simu za vitufe za KaiOS nazo ziliachwa mwaka huo. Kwa hiyo anayenunua simu iliyotumika aingie kwenye mipangilio na asome toleo la Android. Likiwa la zamani sana, ananunua simu ya kupigia tu. Nafasi ya ndani iwe walau GB 64. Zile za GB 32 bado zinauzwa, lakini mfumo wenyewe unachukua sehemu kubwa, na makundi ya WhatsApp ya bei na mizigo yanajaza iliyobaki kwa miezi michache. Na simu mpya za Huawei, ambazo tangu mwaka 2019 hazina huduma za Google, zinafaa kwa anayejua kuzipitia njia nyingine, si kwa dereva asiye na muda.

La mwisho ni bandia. Ukibonyeza *#06# simu huonyesha IMEI, namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 15, na simu halisi ya laini mbili huonyesha namba mbili tofauti. Zilinganishwe na zilizoandikwa kwenye boksi. Jambo hili lina uzito zaidi kwa mtu anayevuka mpaka. Kenya ilizifungia simu bandia mwaka 2012, na Tanzania kupitia TCRA ilifanya hivyo tarehe 16 Juni 2016, na siku hiyo simu zilizokuwa zikifanya kazi jana yake zilinyamaza. Simu inayokubaliwa kwenye mtandao wa nchi moja si lazima ikubaliwe ng'ambo. Simu inayojitangaza GB 512 kwa bei ya GB 64 nayo haihitaji mtaalamu: ipakiwe video kubwa kadhaa, kisha zifunguliwe. Zisipofunguka, nafasi hiyo haikuwepo.

Mteja anayefika dukani na laini zake zote mbili, risiti ya zamani ya kupiga picha na chaja ya lori lake atamaliza majaribio haya yote kwa nusu saa. Muuzaji akikataa boksi lisifunguliwe kabla ya malipo, yako maduka mengine mjini yanayokubali.