Hofu ya Kunenepa Isimzuie Mtu Kuacha Sigara

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wa Unguja na Pemba wanafahamishwa kwamba hofu ya kuongezeka uzito isiwe sababu ya mtu kuendelea kuvuta sigara. Hofu hiyo ina asili ya kweli, lakini mara nyingi hukuzwa kupita kiasi.

Tumbaku ina nikotini, ambayo hupunguza hamu ya chakula na kuufanya mwili utumie nishati zaidi kidogo kuliko kawaida. Mtu anapoacha sigara, athari zote mbili huondoka. Aidha, uwezo wa kuonja na kunusa hurejea, na mkono uliozoea sigara hutafuta kitu kingine cha kupeleka mdomoni, kama vile andazi, kashata au chai ya sukari nyingi.

Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2012 ulionesha kwamba walioacha bila ya kutumia dawa waliongezeka wastani wa kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, sehemu kubwa ikiwa katika miezi 3 ya mwanzo. Wapo walioongezeka zaidi ya hapo, na wapo waliopungua. Katika muda huo huo wa mwaka mmoja, hatari ya maradhi ya moyo kwa aliyeacha hushuka hadi karibu nusu ya ile ya mvutaji. Isitoshe, wembamba wa mvutaji si dalili ya siha, kwani wavutaji huelekea kukusanya mafuta tumboni, nayo ndiyo yenye madhara zaidi kwa moyo.

Imani kwamba sigara huzuia unene ilienezwa pia na biashara. Mwishoni mwa miaka ya 1920 huko Marekani, sigara za Lucky Strike zilitangazwa kuwa badala ya vitu vitamu, na wanawake ndio waliolengwa hasa. Leo wapo wanaotumia sigara za kielektroniki kwa nia hiyo hiyo. Nyingi kati ya hizo zina nikotini ile ile, nayo humtia mtu katika uraibu, hususan kijana. Kwa hiyo hazifai kuwa njia ya kupunguza uzito.

Mwenye kukusudia kuacha anashauriwa kufanya yafuatayo:

(a) Asianze kujinyima chakula kwa ukali wakati huo huo. Kwanza aimarike katika kuacha.

(b) Aweke karibu maji na matunda, kama machungwa, badala ya vitu vya sukari na vya kukaanga.

(c) Atembee kwa miguu kiasi cha nusu saa kila siku.

(d) Asibadilishe sigara kwa ugoro, kuberi au tambuu yenye tumbaku.

(e) Mwenye kisukari au shinikizo la damu amwone daktari mapema.

Mvutaji anayefunga Ramadhani hukaa bila ya sigara tangu alfajiri hadi magharibi kwa mwezi mzima. Huyo amekwisha kujionea mwenyewe kwamba tamaa huja na kupita. Uwezo huo aliouonesha mchana unaweza kuendelezwa baada ya futari, na baada ya Idi.

Wakuu wa idara na masheha wanaombwa kuwafikishia maelezo haya wote wanaohusika.