Mfungaji Bora na Mchezaji Bora

Ukikaa mwaloni hapa Nkome jioni, nyavu zikishonwa na mitumbwi ikisubiri giza, ubishi mmoja haukosi: kwamba mwaka 2022 Geita tulidhulumiwa. George Mpole wa Geita Gold alimaliza Ligi Kuu ya msimu wa 2021/22 akiwa na mabao 17, akamzidi Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja. Akawa Mfungaji Bora. Lakini tuzo ya Mchezaji Bora ikaenda kwa Yannick Bangala wa Yanga, mtu wa kukaba.

Tuanze na hesabu, maana wabishi wetu huzitaja nusunusu. Wanaosema mabao 17 ni machache humtaja Meddie Kagere wa Simba, aliyefunga 22 msimu wa 2019/20. Sawa, lakini msimu ule ligi ilikuwa na timu 20, yaani kila timu ilicheza mechi 38. Ligi ya Mpole ilikuwa na timu 16, mechi 30. Gawanya mabao kwa mechi za ligi: Kagere anapata 0.58, Mpole 0.57. Tofauti hiyo huioni hata ukivaa miwani. Tena Kagere alipokea pasi za mabingwa. Mpole alikuwa katika timu iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda daraja.

Je, Bangala hakustahili? Siwezi kusema hivyo. Yanga ilicheza mechi zote 30 bila kufungwa, ikapata pointi 74, na mabao ambayo mkabaji ameyazuia hayaandikwi popote. Hata Kagere na mabao yake 22 hakupewa tuzo hiyo. Aliipata mwenzake, Clatous Chama, fundi wa pasi.

Shaka yangu iko kwingine. Chama, kisha John Bocco, Bangala, Mayele, na Stephane Aziz Ki mwaka 2024: misimu mitano mfululizo, na kila mara mshindi ametoka katika timu bingwa. Bingwa ana kombe lake tayari.

Wenzetu wa Marekani wana ubishi huohuo katika besiboli. Mwaka 1941 Ted Williams wa Boston alipiga kwa wastani wa .406, yaani zaidi ya mara 4 katika kila 10. Tuzo akapewa Joe DiMaggio wa New York Yankees, aliyepiga mechi 56 mfululizo bila kukosa. Yankees ndio waliokuwa mabingwa.

Mimi kura yangu ningempa Mpole, na si kwa sababu ya yale 17 peke yake. Timu ngeni katika Ligi Kuu ilimaliza ya nne, ikaenda Kombe la Shirikisho Afrika. Mwondoe Mpole katika kikosi kile, halafu uhesabu upya pointi za Geita. Mwondoe Bangala, nawe uhesabu za Yanga. Wa mwaloni waanzie hapo kesho.