Kemikali zisizooza: hata ukichemsha maji, bado zimo

Ukisimama Kipkelion, mto Kipchorian unapita ukielekea Nyando, kisha Ziwa Victoria. Kinachotupwa huku juu kinaishia kule kwa mbuta na ngege.

Sasa hebu fikiria kikaango ambacho yai haligandi, jaketi ambalo mvua haipenyi, povu la kuzimia moto wa petroli. Siri mara nyingi ni PFAS, kemikali zenye florini. Zikiingia majini haziozi, na kuchemsha hakuziondoi. Watafiti walishazipata kwenye samaki wa ghuba ya ziwa upande wa Kenya.

Kenya iliridhia Mkataba wa Stockholm 2004. Mkataba huo uliibana PFOS 2009, kisha ukataka PFOA (2019) na PFHxS (2022) zikomeshwe. Shida ni kwamba ukoo huu una maelfu. Ukifukuza mmoja, kiwanda kinaleta binamu yake. Ndiyo maana mwaka 2023 nchi tano za Ulaya zilipendekeza ukoo mzima ubanwe kwa pamoja.

Nasi tudai hivyo hivyo, na dukani tuulize bidhaa imepakwa nini. Mto hauwezi kusafisha kisichooza. Dawa ni kutokiingiza.