Printa Yenye Anwani Yake Ofisini mwa Chama

Zamani printa ilifungwa kwa waya kwenye kompyuta moja, na kompyuta hiyo ikizimwa, printa nayo ilikosa kazi. Siku hizi chama cha akiba na mikopo, kiwe Mbagala au Tegeta, chaweza kununua printa inayounganishwa moja kwa moja na mtandao wa ofisi. Printa ya namna hiyo haina bwana mmoja. Ina anwani yake yenyewe, kwa mfano 192.168.1.20, na kila kompyuta huipelekea kazi kwa anwani hiyo.

Anwani hutolewa na ruta, na kwa desturi huitoa kwa muda tu. Umeme ukikatika na kurudi, printa yaweza kupewa anwani nyingine, huku kompyuta zikiendelea kupeleka stakabadhi kwenye anwani ya zamani. Wanachama wamepanga foleni, mweka hazina anaizima printa na kuiwasha tena, fundi anaitwa na kulipwa, kumbe mashine ni nzima! Dawa yake ni kuiagiza ruta iihifadhie printa anwani ile ile siku zote, kisha anwani hiyo iandikwe katika daftari la mali, kando ya namba ya mashine.

La pili ni zito zaidi. Printa, ruta na kamera za ulinzi nyingi zimetoka kiwandani na neno la siri linalojulikana na watu wengi. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliyajaribu maneno hayo ya kiwandani, ikateka kamera na ruta kwa maelfu mengi duniani. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo zilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa.

Kwa chama, hatari iko karibu zaidi. Baadhi ya printa hutunza ndani yake nakala za kazi: fomu ya mkopo, mshahara wa mwanachama, majina ya wadhamini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yamtaka anayekusanya taarifa hizo azilinde.

Kwa hiyo, Ndugu Katibu, neno la siri libadilishwe siku ile ile mashine inapofungwa, mbele ya mjumbe wa Bodi. Fundi akiondoka na neno hilo peke yake, chama kimebaki na mashine isiyo yake. Liwekwe ndani ya sefu, katika bahasha iliyotiwa sahihi. Na printa kuukuu isiuzwe kabla kumbukumbu zake hazijafutwa.