Nani Ashikaye Mizani ya Umeme?

Hapana nyumba ya Kiislamu isiyolijua onyo la Sura Al-Mutaffifin, sura ya 83, juu ya watu wanaodai kipimo kamili wanapopokea, na wanaopunja wanapowapimia wenzao. Tusomapo sura hiyo fikra zetu huenda moja kwa moja sokoni, kwenye kibaba cha mtama, pishi ya karanga na gunia la mahindi. Sisi wa Dodoma twayajua hayo vema, kwani gunia la lumbesa, lile lililoongezewa kilemba juu ya kipimo chake, limemnyang'anya mkulima wa Kongwa na Mpwapwa jasho lake kwa miaka mingi, ijapokuwa sheria ya nchi imekataza gunia la mazao kuzidi kilo 100.

Lakini iko bidhaa nyingine tuinunuayo kila wiki, nayo haimwagwi katika pishi wala haiwekwi juu ya mizani. Bidhaa hiyo ni umeme. Mama wa nyumba hununua uniti za LUKU, huingiza tarakimu 20 katika mita, na mita huanza kuhesabu kwa kurudi nyuma mpaka taa izimike. Hakuna jicho liwezalo kuuona umeme ukipimwa. Basi yatupasa kuuliza: ni nani aliyeishuhudia mita ile kwamba hesabu yake ni ya haki?

Wanafunzi wa elimu ya Hadithi wanaijua maana ya isnadi. Neno halipokewi mpaka ijulikane limetoka kwa nani, naye alilipata kwa nani, mpaka kufika kwenye asili yake. Vipimo navyo vina isnadi yao. Mita hupimwa kwa chombo kilicho bora kuliko yenyewe, na chombo hicho hupimwa kwa kingine kilicho bora zaidi, mpaka kufika kwenye vipimo vya taifa, ambavyo hapa kwetu hutunzwa na Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Na vipimo vya taifa navyo lazima vilinganishwe na asili. Katika kila kiungo cha mnyororo huo usahihi hupungua kidogo, kama chuo kinakiliwacho kutoka nakala ya nakala. Kwa sababu hiyo, ili mita ya nyumbani isikosee zaidi ya sehemu moja katika mia, asili yake lazima iwe safi mara nyingi sana kupita hapo.

Sasa tutazame asili hiyo ni nini. Ndani ya mita nyingi za siku hizi mna kipande kidogo cha madini kinachopitisha umeme uingiao nyumbani. Kipande hicho huupinga umeme kwa kiasi kidogo, na upinzani huo wataalamu huuita ukinzani, nao hupimwa kwa omu. Mita ikiujua ukinzani wa kipande hicho, yaweza kujua ni umeme kiasi gani umepita. Ukinzani ukiwa wa uongo, hesabu nzima ni ya uongo. Hapo zamani omu ilihifadhiwa katika mizingo ya waya iliyotunzwa kwa uangalifu mkubwa. Lakini waya huzeeka, na kitu kinachozeeka hakifai kuwa shahidi wa milele. Hata kilo ya dunia nzima, tangu mwaka 1889 hadi 2019, ilikuwa kipande kimoja cha madini ya platini na iridi kilichofungiwa karibu na Paris.

Habari za kuondoka katika hali hiyo zilianza kwa kijana aliyekuwa bado mwanafunzi. Mwaka 1879, katika mji wa Baltimore huko Marekani, Edwin Hall alikuwa akifanya utafiti wa shahada yake ya udaktari. Alipitisha umeme katika bamba jembamba mno la dhahabu lililowekwa mbele ya sumaku, akaona kwamba sumaku inausukuma umeme upande mmoja wa bamba, hata nguvu ya umeme ikapimika kutoka ukingo hadi ukingo. Jambo hilo laitwa kwa jina lake mpaka leo.

Miaka mia moja ikapita. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1980, katika mji wa Grenoble nchini Ufaransa, Mjerumani Klaus von Klitzing alilirudia jaribio hilo kwa kipande cha silikoni, katika baridi kali na mbele ya sumaku yenye nguvu nyingi. Aliona ukinzani haupandi kama mtelemko, bali kama ngazi, na kila kidato kilikuwa na kiasi kilekile kisichobadilika: omu 25,812.807, au nusu yake, au theluthi yake, au robo yake. Haikudhuru kitu kipande kikiwa kikubwa au kidogo, wala kikiwa na taka ndani yake. Mwaka 1985 alipewa tuzo ya Nobel.

Kwa nini kiasi hicho hakiyumbi? Jibu latoka katika tawi la hesabu liitwalo topolojia, nalo laweza kufahamika kwa kata ile ambayo mama zetu huiweka kichwani wanapojitwika mtungi. Kata ina tundu moja. Ukiikandamiza, ukiivuta, hata ukiichafua kwa matope, tundu hubaki moja. Haiwezekani iwe na tundu moja na nusu. Hakuna njia ila kuikata au kuishona upya. David Thouless na wenzake walionyesha mwaka 1982 kwamba umeme katika jaribio la Klitzing una hesabu ya namna hiyo, hesabu ya namba nzima isiyokubali vipande. Thouless alishiriki tuzo ya Nobel ya mwaka 2016 kwa kazi za namna hii. Na ndiyo maana, tarehe 20 Mei 2019, mataifa yalipoanza kutumia maana mpya za vipimo, omu na ampea na kilo zilifungamanishwa na tabia za maumbile zisizobadilika, badala ya vitu vitunzwavyo kabatini.

Ama shida iliyobaki ni hii. Chombo cha Klitzing chataka sumaku yenye nguvu kupita ile ya dunia kwa zaidi ya mara laki moja, na baridi ya karibu nyuzi 270 chini ya sifuri. Gharama zake ni kubwa, hivyo mataifa mengi hupata omu yao kwa kupeleka vipimo vyao kulinganishwa katika nchi nyingine. Kisha sumaku hiyo huharibu kazi ya chombo kingine, kile kitoacho volti sahihi, hata viwili hivyo haviwezi kukaa mahali pamoja kwa raha.

Mwaka 1988 Duncan Haldane alionyesha kwa hesabu kwamba ngazi zile zaweza kupatikana pasipo sumaku ya nje. Watu walingoja robo karne. Mwaka 2013 wataalamu wa Beijing, wakiongozwa na Xue Qikun, walitengeneza utando mwembamba wa bismathi, antimoni na teluri uliotiwa kromi kidogo, wenye usumaku ndani yake wenyewe. Katikati ya utando huo umeme haupiti. Hupita ukingoni tu, tena kwa upande mmoja, kama gari katika barabara isiyoruhusu kurudi. Likikuta jiwe hulizunguka likaendelea. Mwaka 2022 wataalamu wa Japani walitumia utando wa jamii hiyo pamoja na sumaku ndogo ya kawaida, wakaipata omu kwa hitilafu iliyo karibu na sehemu moja katika milioni mia.

Haifai kusema kwamba kazi imekwisha. Utando huu bado wahitaji baridi iliyo kali kuliko ile ya chombo cha Klitzing, na umeme ukizidishwa kidogo ngazi huvunjika. Hayo ndiyo yanayowashughulisha vijana wengi wanaofanya utafiti wa udaktari katika elimu hii: kuotesha utando safi, kuupima usiku na mchana, na kutafuta mahali unaposhindwa. Wakifaulu, omu, volti na ampea zaweza kutoka katika chombo kimoja kisicho na sumaku kubwa, na taifa lisilo na mali nyingi litaweza kuwa na asili ya vipimo nyumbani kwake.

Hapa ndipo jambo linapotuhusu sisi. Umeme wa Mtera wamulika nyumba zetu, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme imefika Dodoma. Chuo Kikuu cha Dodoma kipo hapa mlimani tangu 2007. Lakini mtu anayepimiwa kila kitu na wengine, naye hajui kupima, hana la kujibu akiambiwa kwamba kipimo ni sawa. Mkulima aliyekuwa hana mizani yake aliikubali lumbesa kwa sababu hiyo hiyo.

Wala elimu hii si ngeni katika historia yetu. Al-Khazini, aliyekuwa mtumwa mwenye asili ya Kiyunani, aliandika huko Marw karibu na mwaka 1121 kitabu kizima juu ya mizani, akieleza namna ya kutambua dhahabu safi na iliyochanganywa kwa kuipima ndani ya maji. Aliona kwamba haki ya sokoni yahitaji ujuzi pamoja na nia njema.

Basi, wazazi, mtoto akiuliza mita yahesabu nini, msimkemee. Mfundisheni sehemu na desimali kwa bidii ileile mnayomfundishia herufi, wa kike sawa na wa kiume, na akichagua fizikia msimwambie kwamba ni elimu ya watu wa mbali. Na ninyi vijana, anzeni na mita iliyo ukutani kwenu. Andikeni hesabu yake jioni na asubuhi, mjue taa hula kiasi gani na pasi hula kiasi gani, kisha mwulizeni mwalimu wenu mtakayoshindwa kuyafahamu.