Mfadhili Akiondoka, Pampu Itatengenezwa na Nani?

Siku ya kuzindua kisima huwa ya shangwe. Utepe hukatwa, viongozi huonja maji, na kibao chenye jina la mfadhili hupigiliwa ukutani. Miaka mitatu baadaye kibao bado kipo, lakini mara nyingine pampu imekufa na akina mama wamerudi kufukua maji kwenye mchanga wa mto mkavu. Si lazima mfadhili awe na nia mbaya. Mara nyingi makubaliano yalisema nani atachimba, yasiseme nani atatengeneza.

Serikali za kaunti nchini hushirikiana na wakfu za misaada katika maji, afya na elimu. Makala haya yanaeleza ushirikiano huo unavyofanya kazi, na maswali ambayo mkazi ana haki ya kuuliza kabla utepe haujakatwa.

Neno wakfu si geni, hasa Pwani. Tangu zamani Waislamu wametenga shamba, nyumba au kisima ili mali hiyo isiuzwe wala kurithiwa, na faida yake isaidie msikiti, madrasa au maskini. Wakfu za siku hizi zinafanana na hizo kwa jambo moja: ni mali iliyotengwa kwa manufaa ya umma. Nyingine zimeanzishwa na kampuni za hapa nchini, kama Wakfu wa Safaricom wa mwaka 2003 na Wakfu wa M-PESA wa 2010. Nyingine ni za familia au kampuni za ng'ambo. Wakfu si tawi la serikali, na mwananchi hawezi kuuondoa kwa kura. Ndiyo maana maandishi ya makubaliano yana uzito mkubwa.

Kwa nini kaunti ziwahitaji? Mgao kutoka serikali ya kitaifa na ushuru wa kaunti hautoshi kufika kila kijiji kwa wakati mmoja. Mwaka 2018 sera ya pili ya tume ya CRA, inayoshughulikia ugavi wa mapato, ilitaja maeneo 1,424 yaliyoachwa nyuma katika kaunti 34. Sera ya kwanza ilikuwa imetaja kaunti 14 nzima. Tofauti hiyo ina maana: kaunti inayoonekana kuwa na nafuu inaweza kuwa na vijiji ambavyo havijawahi kuona mfereji.

Hapo ndipo kaunti ina kazi. Mfadhili akiachwa achague mwenyewe, ataelekea gari linakofika na picha zinapotoka vizuri. Kila kaunti ina mpango wa maendeleo wa miaka mitano, wa sasa ukiwa wa 2023 hadi 2027, ambao kwa mujibu wa sheria hutayarishwa kwa kushirikisha wananchi. Mfadhili anapobisha hodi, karatasi ya kwanza kuwekwa mezani inafaa kuwa mpango huo.

Pesa hupitia wapi

Kuna njia mbili kuu. Katika ya kwanza, ruzuku huingia katika hesabu za kaunti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kaunti kupokea ruzuku na michango kwa masharti. Fedha hizo huonekana kwenye bajeti, hujadiliwa na Bunge la Kaunti na hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu.

Katika njia ya pili, ambayo wafadhili wengi huipenda kwa kuwa ni ya haraka, wakfu humlipa mkandarasi wenyewe, kisha kaunti hukabidhiwa funguo. Kaunti haipokei hata shilingi. Inachopokea ni jengo, pamoja na gharama za jengo hilo kwa miaka yote ijayo. Zahanati mpya ni kuta na mabati tu mpaka aajiriwe muuguzi, dawa zinunuliwe na stima ilipwe. Kwa hiyo zawadi ya aina hii ni ahadi inayowekwa kwenye bajeti ya kaunti kila mwaka, hata kama hakuna aliyeisema kwa sauti siku ya uzinduzi. Swali la kuuliza barazani ni rahisi: mshahara wa muuguzi umo kwenye bajeti ya mwaka gani?

Funzo kutoka Kyuso

Kuhusu pampu, Kyuso katika Kaunti ya Kitui imefundisha mengi. Katika majaribio ya mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vifaa vidogo kwenye mikono ya pampu 66 za visima. Kila kifaa kilihisi mkono ukipanda na kushuka, kikatuma habari hizo kwa mtandao wa simu. Mkono ukitulia kuliko kawaida, fundi alijua kuna hitilafu akapanda pikipiki. Kabla ya hapo, pampu iliyoharibika ilikaa takriban siku 27 bila kutengenezwa. Kwa mpango huo muda ulishuka hadi chini ya siku 3.

Siku 27 ni karibu mwezi mzima wa watoto kuchelewa shule kwa sababu ya mtungi wa lita 20.

Kilichofuata ndicho chenye manufaa zaidi kwa kaunti nyingine. Kazi hiyo ilizaa huduma ya mafundi wa huko huko, FundiFix, katika kaunti za Kitui na Kwale. Jamii hutia sahihi mkataba na kulipa ada ya matunzo. Ada hiyo peke yake haitoshi, hivyo pengo huzibwa na mfuko wa amana unaopokea michango ya wafadhili, na malipo ya mfuko kwa mafundi hutegemea kazi iliyofanyika. Yaani pesa za mfadhili hazinunui pampu nyingine yenye kibao kipya. Zinahakikisha iliyopo inatoa maji.

Mpango huu una ugumu wake. Mvua ikinyesha na mabwawa kujaa, familia nyingi huona uzito kulipia kisima. Kuna pia wanaouliza, na si bila sababu, kwa nini walipie maji yaliyotolewa kama msaada. Jibu ni kwamba msaada ulilipia kuchimba tu. Vipuri na fundi havikuwemo.

Misaada mingine haina tatizo hili kwa sababu ina mwisho wake. Mwanafunzi anayelipiwa karo na mpango wa Wings to Fly, ulioanzishwa mwaka 2010 na Wakfu wa Equity pamoja na Wakfu wa Mastercard, humaliza shule na faida hubaki naye. Kisima hakimalizi shule. Waliosahau hilo walikumbushwa Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na wahudumu wengi wa miradi ya afya nchini Kenya wakajikuta nyumbani. Huo ulikuwa msaada wa serikali, si wa wakfu, lakini kliniki iliyofungwa haina tofauti kwa mgonjwa.

Suala jingine ni ardhi. Kisima kikichimbwa kwenye shamba la mtu kwa makubaliano ya mdomo, mwenyewe au warithi wake wanaweza kuzungusha ua. Sehemu ya mradi inafaa kuandikwa kuwa ya umma kabla ya mashine kufika. Panapohusika ardhi ya jamii, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka mkataba wa uwekezaji uidhinishwe na thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii hiyo katika mkutano wao.

Mkazi anaweza kuomba kuona makubaliano kati ya kaunti na mfadhili. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa haki hiyo, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma kuamua ombi ndani ya siku 21. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na asiyejua kuandika ana haki ya kuandikiwa na afisa. Ndani ya makubaliano atafute muda wa mradi, mmiliki wa mali mradi ukiisha, na jina la ofisi itakayolipia matengenezo. Kama sehemu hiyo ya mwisho haimo, wakati wa kuidai ni kabla ya sahihi, katika vikao vya maoni ya wananchi au kupitia kwa msimamizi wa wadi na mwakilishi wadi.

Tahadhari moja: matapeli hutumia majina ya wakfu zinazojulikana kuomba "ada ya usajili" kwa simu. Fomu za Wings to Fly hutolewa bure. Anayetumiwa ujumbe wa kutaka pesa ili aingizwe kwenye orodha ya msaada asilipe, na aripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu.