Mboji na Mbolea ya Dukani: Maharagwe Yanahitaji Zote Mbili

Katika mashamba mengi ya Kaunti ya Vihiga, maharagwe hupandwa katikati ya mistari ya mahindi. Mavuno yanapopungua, wakulima wengi huongeza mbolea ya dukani. Lakini shamba linalotiwa DAP kila msimu bila kurudishiwa kitu kingine huchoka. Gharama hupanda, na debe halijai.

Sababu moja ni udongo wenyewe. Udongo mwekundu wa magharibi mwa Kenya una asidi nyingi, na madini ya chuma na alumini yaliyomo huishika fosforasi isiifikie mimea. Bila fosforasi ya kutosha, mizizi ya maharagwe hudumaa na maganda huwa machache. DAP ikitumiwa peke yake mwaka baada ya mwaka, asidi huzidi.

Mboji hupunguza tatizo hilo. Huiachilia sehemu ya fosforasi iliyoshikwa, hushikilia unyevu mvua inapokatika, na huwalisha viumbe wadogo wa udongoni. Hata hivyo, mboji peke yake ina virutubisho vichache. Mfuko wa DAP wa kilo 50 una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti. Ili kupata kiasi hicho cha fosfeti kwa mboji, mkulima angehitaji tani kadhaa, na boma lenye ng'ombe mmoja au wawili haliwezi kuzipata kwa urahisi. Ndiyo maana zikitumiwa pamoja, kila moja huziba pengo la mwenzake.

Namna ya kuzitumia

1. Tengeneza mboji miezi mitatu kabla ya kupanda. Panga kwa tabaka mabua makavu, majani mabichi, samadi na udongo kidogo. Nyunyizia maji, funika, na geuza kila baada ya wiki mbili au tatu. Mboji iliyoiva haina joto na hunukia kama udongo wa msituni.

2. Chimba mifereji yenye nafasi ya sentimita 50. Weka viganja viwili vya mboji kwa kila mita.

3. Ongeza DAP. Kipimo kinachotumika sana ni mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari. Ukiwa na mboji nzuri, unaweza kujaribu nusu yake: kifuniko kimoja cha soda kilichojaa kwa mita mbili za mfereji.

4. Changanya na udongo kabla ya kuweka mbegu. Mbegu ikigusana na mbolea ya kemikali huungua.

Usichanganye DAP na jivu au chokaa, kwa kuwa naitrojeni hupotea hewani. Usimwagie maharagwe CAN nyingi pia. Mizizi ya maharagwe ina vinundu vyenye bakteria wanaotengeneza naitrojeni kutoka hewani, na naitrojeni nyingi ya dukani huwafanya wazembee. Yakianza kutoa maua, ng'oa mche mmoja na upasue kinundu: kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kinafanya kazi.

Jaribu kwanza kwenye kipande kidogo

Hakuna haja ya kubadilisha shamba zima kwa mara moja. Gawa sehemu ndogo mara tatu: mistari ya mboji pekee, ya DAP pekee, na ya zote mbili. Vuna kila sehemu kando, upime kwa mizani, kisha utoe gharama ya mbolea. Shamba lako litakupa jibu lenyewe.

Ikiwa sehemu zote tatu zitafanya vibaya, huenda asidi imezidi na chokaa ya kilimo inahitajika. Pima udongo kwanza, kisha umwone afisa wa kilimo wa wadi yako akushauri kiasi. Chokaa hutiwa wiki kadhaa kabla ya kupanda, kwa hivyo usingoje mvua ianze.